Saa za gemu hazimwambii mzazi mengi

Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya magonjwa, na ndani yake ukaingia uraibu wa gemu. Toleo hilo lilianza kutumika Januari 2022. Wengi waliosikia habari hiyo walibaki na tafsiri moja: mtoto anayecheza saa nyingi ni mgonjwa. Ukisoma maelezo yenyewe, idadi ya saa haimo kabisa. Dalili ni tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulizwa mbele ya shughuli nyingine za maisha, na anaendelea kucheza ijapokuwa madhara anayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi, na iwe imeshaathiri vibaya masomo, kazi au familia yake.

Uamuzi huo haukupita kimya. Mwaka 2017, ukiwa bado ni pendekezo, wanazuoni zaidi ya ishirini waliandika waraka wa kuupinga. Miongoni mwao alikuwa Espen Aarseth wa Copenhagen, mmoja wa walioifanya gemu kuwa somo la chuo kikuu. Walisema vigezo vimeazimwa kutoka kwenye dawa za kulevya na kamari, na kwamba wengi wanaozama kwenye gemu tayari wana sonona au wasiwasi. Gemu ni mahali walipokimbilia. Ukiwatibu gemu, ugonjwa wenyewe unabaki.

Madaktari waliounga mkono walijibu kwa jambo la kazini kwao. Vijana walioacha shule na kukesha kwenye skrini wanaletwa kliniki na wazazi waliochoka, na mahali ambapo bima ndiyo inayolipa, ugonjwa usio na jina kwenye orodha haulipiwi. Mimi nawaelewa madaktari kuliko ninavyokubaliana nao. Kundi wanaloliona lipo kweli, ila ni dogo, nalo haliwezi kutumika kuwapima mamilioni wanaocheza na kesho yake wakaenda shule kama kawaida.

Kuhusu hao mamilioni, ushahidi umeanza kuwa mzuri. Zamani watafiti waliwauliza watu wamecheza saa ngapi, na watu hukosea sana wakijikadiria. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford walipata rekodi halisi za uchezaji kutoka kwa kampuni na kuwafuatilia wachezaji 38,935 wa gemu saba. Hawakuona dalili ya maana kwamba saa za kucheza zinabadili hali ya mtu ya kiakili, iwe kwa wema au kwa ubaya. Kwa hesabu yao, mchezaji wa kawaida angehitaji kuongeza saa 10 kwa siku ndipo ahisi tofauti. Hata hivyo wahojiwa walijitolea wenyewe, na aliyezama kabisa si mtu wa kujibu dodoso. Zaidi ya hapo, tatu kati ya gemu hizo saba ni za mbio za magari. Si picha ya kila anachocheza mtoto kwenye simu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulitoka Japani. Wakati wa Uviko mashine za PlayStation 5 na Nintendo Switch ziliadimika, maduka yakachezesha bahati nasibu kuamua nani auziwe. Watafiti wakawalinganisha walioshinda na walioshindwa, na kwa kuwa ni bahati tu iliyowatenganisha, hapo unaweza kuzungumza juu ya chanzo na matokeo. Waliopata mashine walikuwa na afya bora ya akili, ingawa faida ilipungua kwa waliocheza zaidi ya saa tatu kwa siku. Lakini ilikuwa miaka ya janga, watu wakihimizwa kukaa ndani, na nani asingefarijika?

Serikali nazo zilishika saa. Korea Kusini mwaka 2011 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni usiku wa manane kwenye kompyuta, huku gemu za simu zikiachwa nje. Miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta sheria. China mwaka 2019 iliwawekea watoto dakika 90 kwa siku za kawaida, na mwaka 2021 ikabana zaidi: saa moja tu jioni ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Watafiti waliopitia zaidi ya saa bilioni saba za uchezaji nchini humo hawakuona ushahidi kwamba amri ya 2019 ilipunguza uchezaji wa kupindukia. Mtetezi wa sheria atasema, na kwa haki, kwamba takwimu hizo hazikutenganisha akaunti za watoto na za watu wazima.

Kwetu kipimo cha saa kina kasoro nyingine. Kijana wa Temeke au Kisauni anayekwenda kibanda cha gemu hulipia mechi, akifungwa anampisha mwenzake pedi, halafu anakaa kuangalia na kubishana. Amekaa saa tatu, amecheza dakika ishirini. Tumwandikie ngapi?

Wakati huohuo kuna madhara yenye ushahidi mzito kuliko huu wa saa, nayo yako upande wa pesa. Gemu nyingi za simu hutolewa bure, kisha humuuzia mchezaji kasha lililofungwa: unalipa kwanza, kilichomo utakijua baadaye. Mwaka 2018 David Zendle na Paul Cairns waliwahoji wachezaji zaidi ya 7,000 wakakuta kwamba wanaotumia pesa nyingi kwenye makasha hayo ndio wenye matatizo makubwa zaidi ya kamari, na tafiti nyingine zimerudia kuona uhusiano huo. Swali lisilomalizika ni kama kasha humfundisha mtu kamari au humnasa aliyekwisha kuwa mcheza kamari. Kwangu haipunguzi kosa. Katika hali zote mbili kampuni inavuna kwa mtu asiyejimudu.

Ubelgiji ilitamka mwaka huohuo wa 2018 kwamba makasha ya kulipia ni kamari isiyo na leseni. Mtafiti Leon Xiao alipokagua gemu 100 za iPhone zinazoingiza pesa nyingi nchini humo, alikuta 82 bado zinayo.