Maji ya Kilembe Hayaponi kwa Kuchemshwa

Shangazi yangu anaishi Kilembe, huku kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, hatua chache kutoka mto Nyamwamba. Nilipomtembelea mara ya mwisho bomba lilikuwa limekauka siku ya tatu, akanipikia chai ya rangi kwa maji ya kisima cha jirani. Ikatoka nyeusi tii kama wino, juu ina utando unaong'aa.

"Kunywa, mwanangu. Nimeyachemsha sana."

Ndivyo tulivyofundishwa sote: chemsha maji. Lakini moto unaua vijidudu tu. Metali kama shaba, kobalti na nikeli haziondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani zenyewe hubaki, na kikombe huzidi kuwa kikali.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yake hayajaenda popote, yamelala marundo marundo kando ya mto. Ndani yake mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikipata hewa na mvua huzaa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali nzito zilizo ndani ya mawe, ikashuka nazo taratibu hadi kwenye maji ya ardhini. Mabaki ya makaa ya mawe kule Afrika Kusini huharibu maji kwa njia hiyo hiyo. Si lazima mtu achimbe tena. Mvua inatosha, na chini ya milima ya Rwenzori mvua haikosi. Mafuriko ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020, yaliyamega marundo hayo na kusambaza mabaki bondeni.

Ule weusi wa chai ni chuma kikikutana na majani. Chuma angalau hujitangaza: hutia kutu shuka nyeupe, huacha mstari wa kahawia ndani ya dumu. Nikeli haina adabu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 0.07 kwa lita, kiasi ambacho ulimi wa mtu hauwezi kukitambua.

Kisima kile kilipimwa vijidudu kilipochimbwa, kikapasishwa, basi. Mimi nataka kila kisima cha bonde hili kipimwe metali, kiangazi na masika, na majibu yaandikwe kwa rangi ukutani pale pale watu wanapotekea, kwa Lukonzo, lugha ya hapa kwetu, na kwa Kiswahili. Siyo yafungiwe kwenye faili la ofisi.

Chai ile nilikunywa nusu kikombe. Shangazi alimaliza chake, akajimiminia kingine.