Feni Ikitetemeka, Nani Aizime?

Fundi wa zamu anayekataa kihisi cha mtetemo kipewe mamlaka ya kuzima mashine chenyewe huonekana mzembe, au mtu anayetanguliza uzalishaji mbele ya usalama. Kwa tanuru za saruji kama za Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga, naona hukumu hiyo hupitishwa haraka mno.

Feni kubwa inayovuta moshi ikizimika ghafla, tanuru nayo hukatiwa moto. Ni bomba refu la chuma ambamo malighafi huchomwa hadi kupita nyuzi 1,400. Lisipoendelea kuzungushwa taratibu kwa mota ya akiba, hupinda kwa uzito wake lenyewe. Matofali ya ndani yakipoa na kuchomwa upya hupasuka, mengine hudondoka, na pale yalipodondoka chuma cha nje huanza kuwa chekundu, jambo linalolazimu kusimama tena, safari hii kwa siku nyingi. Na chanzo cha yote hayo chaweza kuwa waya uliolegea ndani ya kisanduku cha kihisi kilichoingia maji ya vuli, huku beringi ikiwa nzima kabisa.

Hata namba zenyewe zinahitaji mtu wa kuzisoma. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 10816-3, ambacho mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-3, mashine kubwa iliyofungwa kwenye msingi mgumu huingia eneo la hatari mtetemo unapopita milimita 7.1 kwa sekunde. Ikiwa juu ya msingi unaonesa, mpaka husogea hadi 11. Tena feni inayowashwa inaweza kupita mwendo ambao huitikisa sana kwa muda mfupi, kisha ikatulia, kwa hiyo mtetemo hauna budi kusomwa pamoja na mizunguko kwa dakika. Namba iliyopanda kutoka 2 hadi 5 kwa zamu moja hunitia wasiwasi kuliko 6 iliyotulia mwaka mzima. Fundi anayetaka king'ora kitangulie, ili akaweke ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi na sikio kwenye mpini, anajua anachokitafuta.

Kuhusu mashine kuzidi mwendo wake, sina subira hiyo. Turbini za vituo vya umeme wa maji vya Hale (megawati 21) na Pangani (68) zikipoteza ghafla mzigo wa gridi, maji bado yanazisukuma. Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, nguvu inayotaka kuitawanya rota, yaani sehemu inayozunguka, huzidi kwa asilimia 21. Hapo bisibisi haina nafasi.

Wanaotaka mtetemo nao uzime mashine papo hapo wana mfano mzito: kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, Urusi, tarehe 17 Agosti 2009, ambako boliti zilizochoka ziliachia kifuniko cha turbini na watu 75 wakafa. Mtetemo ulikuwa umepita mpaka, na mashine iliachwa izunguke. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu, nao hawakuuchukua.

Kwa sababu hiyo nisingeliacha jambo hili kwa fundi peke yake. Vihisi viwili vya beringi moja vikikubaliana kwa sekunde chache, mashine izimwe bila kuulizwa mtu, na bei ya kihisi cha pili ni ndogo mbele ya gharama ya matofali ya tanuru. Kikilalamika kimoja, king'ora kilie na fundi aende. Ufunguo wa kuzuia ulinzi huo, ambao huweza kukaa umegeuzwa wiki nzima bila mtu kukumbuka nani aliugeuza, uandikwe kwenye daftari la zamu kwa jina na saa.