Ssenga Hakuzimia

Kwanza nikanushe. Ssenga hakuzimia. Tangu Jumamosi rafiki yangu Kapteni anazunguka Kyengera nzima akisimulia kwamba Ssenga, shangazi wa mke wangu, alizimia, kwamba mimi nilijificha chini ya kitanda, na kwamba mashine ilianza kusema yenyewe kama ya mganga. Jana asubuhi kijana wa rolex, mtu ambaye sijawahi kumtajia hata jina langu, alinikabidhi chapati yangu na mayai yake akauliza, "Na ile redio inayotoa siri, umeshaiuza?"

Basi isikieni kwa mwenye aibu yake. Na wewe uliyeanza kucheka kutoka Mbarara, nimekuona.

Sabufa yangu ya zamani mnaijua. Ile ya tangu ukapera, yenye taa za buluu, na sauti kama ya mtu anayehutubia akiwa ndani ya ndoo. Mwaka mzima nimekuwa nikitamani resiva. Nikisema resiva simaanishi dikoda ya chaneli. Mke wangu, Mama Hamu, alidhani ni dikoda, nikamwacha adhani hivyo. Nasema lile sanduku zito linalopokea picha na sauti kutoka kila kitu ulichonacho, picha likaipeleka kwenye televisheni, sauti likaigawa kwa spika saba na sabufa moja: mbele, katikati, ubavuni, nyuma. Mpira ukigonga mwamba wa kushoto, unausikia kushoto. Mashabiki wanakupigia kelele mgongoni.

Mjini niliiona moja mpya kabisa. Milioni mbili na nusu. Nikauliza bei ya betri za rimoti, ili nisionekane nimekuja kuzubaa, nikatoka.

Ndipo Kapteni (hajawahi kushika bunduki, jina alipewa kwa sababu ya kofia) akanipeleka kwa kijana mmoja anayeuza vitu vya mtumba kutoka Japani. Resiva ilikuwa pale, nyeusi, kilo kumi na mbili, imefutwa vumbi kwa heshima. Laki tisa. Bei yake ilikuwa chini kwa sababu inayoeleweka: umeme wa Wajapani ni volti 100, wetu ni 240, na plagi yake ilikuwa ya meno mawili bapa. Lakini kijana alikuwa anaitoa pamoja na transfoma ya kushushia umeme, dude la chuma linalonguruma kama paka aliyeshiba. Transfoma ina matundu mawili, la 100 na la 220. Kijana mwenyewe alibandika plasta juu ya lile la 220 akaandika kwa kalamu nyekundu: HAPANA. Muuzaji mwaminifu. Sina ugomvi naye, nawaambia mapema.

Kwenye kuomba apunguze ndipo nilipojimaliza. Nilimweleza ukweli. Nani humweleza muuzaji ukweli? Nikamwambia, kaka, hizi pesa ni za tangi la maji la mke wangu, nikifika nyumbani bila tangi na bila chenji nitalala nje, nionee huruma. Akacheka mpaka akashika meza. Akaniachia kwa laki sita na nusu. Usiku nikamwandikia kwamba nyumbani nimesema resiva ni laki moja na nusu, na tangi limeshalipiwa ila linangoja lori kutoka kiwandani. Tukacheka pamoja. Mama Hamu, siku hiyo hiyo, alikuwa anarudi kutoka bombani kwa jirani na majerikeni mawili ya njano. Alisema tu, "Haya," akayaweka chini taratibu.

Sasa Jumamosi. Arsenal wanacheza, Kapteni ameshafika na karanga zake, mimi niko nyuma ya televisheni napanga waya. Hodi. Ssenga. Katoka Masaka bila taarifa, na mkungu wa matoke na jogoo amefungwa miguu.

Kwa wasioishi Buganda: Ssenga ni shangazi wa mke wako, dada wa baba yake, na ndoa yako iko mikononi mwake. Mimi nilipita kwake kabla ya kupita kwa mtu mwingine yeyote. Baba mkwe anaweza kukusahau. Ssenga hakusahau, ana faili.

Ila nilikuwa na boma langu moja dhidi yake, nalo ni Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambi, nimekulia Jinja, Kiswahili ndicho tulichochezea gololi. Ssenga, kama wazee wengi wa upande wake, huihesabu kuwa lugha ya watu waliokuja na bunduki. Miaka minane hajanijibu neno moja la Kiswahili. Kwa hiyo jambo lolote ambalo sikutaka alisikie, nilikuwa nalisema mbele yake kwa Kiswahili huku nikitabasamu.

Akakataa kiti. Akatandikiwa mkeka, akakaa, mgongo wima. Kumbukeni kwamba sikuwa na stendi za spika, kwa hiyo zile za nyuma nilikuwa nimeziweka sakafuni. Ya nyuma kushoto ilikuwa robo mita kutoka sikio lake.

Nikawasha. Picha hiyo, safi. Sauti hakuna.

Kwenye kioo cha resiva kulikuwa na namba: 55. Mbele yake kulikuwa na kijistari, nikadhani ni pambo. (Mafundi mnaotikisa vichwa, ngojeni, aibu ni yangu.) Nikazungusha nobu ya sauti kulia. Namba ikashuka: 50, 45, 40. Nikajiambia, aah, Wajapani, kulia kwao ni kupunguza. Nikaangalia waya wa HDMI, nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Kimya. Kapteni akasema, "Labda iko juu sana imejifunga." Kapteni anaendesha boda, lakini alivyosema unaweza kudhani alisomea Tokyo. Basi mimi, kwa heshima ya mgeni, ili sauti itakapokuja isije ikamshtua Ssenga, nikapunguza zaidi. 30. 20. Nikaiacha kwenye 8. Nane ni ndogo. Nane ni adabu.

Nikamwandikia kijana: picha ipo, sauti haipo, nifanyeje? Naye hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti.

Nikaweka simu sikioni kama mstaarabu, nikabonyeza.

Simu haikutoa kitu. Resiva ikatoa: tak. Kidogo tu, kama mtu anayekata ukucha. Yale maandishi kwenye kioo yakageuka yakawa BLUETOOTH. Siku ya kuijaribu pale kwa kijana tuliiunganisha na simu yangu. Mimi nilisahau. Yenyewe haikusahau.

Ikapita kama sekunde moja ya ukimya. Naomba mkae nami ndani ya sekunde hiyo, maana ilikuwa ya mwisho ya maisha yangu ya zamani. Mama Hamu amepiga magoti kwenye mkeka, anamsogezea Ssenga kikombe cha chai. Kapteni ametupa karanga hewani, mdomo wazi. Jogoo yuko chini ya meza. Pazia limetulia.

"BOSI!"

Jamani. Sikuwahi kusikia neno moja likiwa na upana. Lilitoka mbele, ubavuni, nyuma na chini ya sakafu. Chai ya Ssenga ilifanya viduara kikombeni. Karanga ya Kapteni ilimgonga jichoni.

"BOSI WANGU! YAANI MASHINE YA LAKI SITA NA NUSU IMEKUSHINDA KUWASHA?"

Nikairukia nobu. Nia yangu ilikuwa njema. Iko kwenye 8, sifuri ni kimya, hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Nikazungusha kuelekea sifuri. 6.

"NA VILE NILIVYOKUACHIA KWA BEI YA BURE KWA AJILI YA LILE TANGI LA MAMA!"

4. Sauti inapanda. Akili yangu ikakataa kupokea taarifa hiyo. Nikasema nimechelewa, nizungushe haraka. 2. Vioo vya dirisha vikaanza kuimba. Vumbi likashuka kutoka dari, mstari mmoja mwembamba, likatua kwenye bega la Mama Hamu, naye hakulifuta. Alikuwa ananitazama.

"HIVI BADO ANANGOJA LORI?"

Sifuri.

Baadaye nimeelezwa. Zile ni desibeli, na kile kijistari si pambo, ni alama ya kutoa. Ukiwa kwenye -80 ni kama kimya, na ukifika sifuri umefika kipimo ambacho watu wa sinema wanakitumia kwenye jumba zima lenye viti mia kadhaa. Sebule yangu ni hatua nne kwa tano.

Halafu kijana akacheka. Mnamkumbuka, ndiye yule aliyecheka mpaka akashika meza. Kicheko hicho kikapita kwenye sabufa kikatoka kama cha jini lililoamshwa usingizini. Jogoo akajibu. Mbwa wa jirani akajibu. Na mimi bado nazungusha, kwa sababu sikujua kwamba baada ya sifuri kuna kitu kingine. Kipo. Kuna +1. Kuna +2.

"HA! HA! HA! LORI!"

Kapteni ndiye aliyechomoa waya. Hilo nampa.

Kimya kikaanguka. Kwenye nyumba za kupanga za jirani mtu mmoja akapiga makofi.

Na mimi, mniamini, nilikuwa bado na tumaini. Mama Hamu amesikia, hilo limekwisha, nitashughulika nalo miaka ijayo. Lakini Ssenga! Ssenga hajui Kiswahili! Nikapiga magoti mimi mwanamume, nikamweleza kwa Kiganda changu cha Jinja kwamba asiwe na wasiwasi, hilo lilikuwa tangazo la biashara, hawa watu wa matangazo hawana adabu.

Ssenga akanywa chai yake. Akakiweka kikombe chini. Akafuta mdomo kwa ncha ya gomesi, lile vazi lake refu.

"Mkwe wangu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "usijisumbue kunitafsiria. Nimeuza maharage Mutukula, mpakani na Tanzania, miaka tisa." Akanyamaza kidogo. "Hilo lori, linatoka kiwanda gani?"

Miaka minane! Miaka minane ya mimi na Kapteni kuzungumza mbele ya mama yule tukidhani tumefunga mlango! Nimekaa usiku tatu sasa nakumbuka niliyowahi kuyasema. Kuhusu matoke yake. Kuhusu kofia ya kaka yake siku ya kutambulishwa. Kuna Krismasi moja, hiyo hata hapa siandiki.

Yaliyofuata ni mafupi. Kapteni, akitaka kubadilisha mada, akasema tuangalie angalau mpira, akarudisha plagi. Ile plasta ya HAPANA ilikuwa imedondoka wakati wa mtetemeko. Akachomeka tundu la 220. Ikalia paf, moshi mmoja, harufu ya kitunguu kilichoungua, giza mpaka kwa jirani wa pili. Fundi wa Katwe ameifungua: transfoma ya ndani imekufa na kapasita mbili zimepasuka. Akaniuliza kama nataka kubaki na kava. Mpira uliishaje niliambiwa kesho yake. Nilikuwa kitandani, ndiyo, lakini juu yake, Kapteni, juu.

Kiti cha boda cha Kapteni kimekuwa dhamana ya mkopo, msiniulize zaidi, na tangi limefika jana. Niliahidi la lita 500. Limekuja la lita 1,000, maana Ssenga ndiye aliyechagua ukubwa, na hajaondoka, anasema anataka kwanza kuona likijaa. Sabufa imerudi mahali pake na taa zake za buluu. Jioni Ssenga husikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye redio, kwa sauti ya kutosha, akinitazama.

Nina transfoma ya kushushia umeme, nzima, haina tatizo. Plasta nimebandika upya. Anayeitaka anitafute, bei tutaelewana.

Ila uandike. Usitume sauti.