Nimelipa Elfu Kumi Nikajaze Fomu

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, na tangu korosho zilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani hapa Mtwara mwaka 2007, yaani mkulima hukabidhi mzigo ghalani akapewa karatasi ya kuuthibitisha, sijui nimeandika karatasi ngapi. Ninachojua ni kwamba kidole changu cha kati kimeota sugu pale kalamu inapoegemea, na kwamba msimu ukifunguliwa mwezi Oktoba huota usiku nikimuuliza mkulima ameleta magunia mangapi na kama ni ya daraja la kwanza au la pili. Mtu wa namna hii anapotoka Jumamosi jioni kwenda kujiburudisha, hatazamii kabisa kukabidhiwa karatasi nyingine yenye visanduku.

Nilikabidhiwa. Tena niliilipia shilingi elfu kumi.

Aliyeniingiza katika mkasa huu ni mpwa wangu, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na shahada, ndevu zilizochongwa, na imani kwamba Mtwara imelala na yeye ametumwa kuiamsha. Alikuja nyumbani Chikongola, akaniamkia shikamoo mjomba kwa unyenyekevu ambao ulinitia wasiwasi, kisha akasema ameandaa usiku wa kuimba pamoja filamu yenye nyimbo, na kwamba kutakuwa na bingo. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba akimkatalia mpwa wake jambo, habari hufika Newala kabla ya basi la asubuhi. Nikasema marahaba, tutakuja. Mke wangu alikuwa amekwisha kuwasha pasi.

Filamu yenyewe ni The Sound of Music, iliyotoka mwaka 1965 kutokana na mchezo wa jukwaani ulioanza kuonyeshwa Broadway, jijini New York, mwaka 1959. Msichana anayejiandaa kuwa mtawa anapelekwa kulea watoto saba wa nahodha mmoja mjane huko Austria, ambaye huwaita wanawe kwa filimbi kama refa. Mpwa wangu alinieleza kuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa London waliona haitoshi kuitazama tu, wakaanza kuionyesha huku maneno ya nyimbo yakipita chini ya picha ili ukumbi mzima uimbe, na baadhi yao huenda wamevaa kama watawa. Hayo ni ya London na sina ugomvi nayo. Kule kuna baridi, na mtu mwenye baridi hana budi kutafuta la kufanya. Sisi tulikuwa katika ukumbi wa Shangani mwezi Desemba, wenye feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikiitazama.

Vituko vilianzia mlangoni. Kijana aliyekuwa akipokea tiketi alimtazama mke wangu kuanzia juu hadi chini, akapiga makofi, akatangaza kwamba mama huyu ndiye aliyejitahidi kuliko wote kuvaa kitawa, akampa soda ya bure. Mke wangu alikuwa amevaa baibui lake la siku zote, lile la sokoni na la misibani. Aliipokea soda, akainywa, na hakusema neno. Mimi niliyevaa suruali mpya sikupewa hata maji.

Tulipokaa ndipo ile karatasi ikafika. Mpwa wangu alishika maikrofoni akaeleza kuwa katika bingo ya kawaida hutajwa namba kwa bahati nasibu nawe unafunika zilizo kwenye karatasi yako, namba 75 kwa mtindo wa Marekani na 90 kwa mtindo wa Uingereza, lakini hii yetu badala ya namba ina mambo yatakayotokea, ama katika filamu ama ukumbini. Nikavaa miwani. Visanduku vilikuwa 25, vitano kwa vitano, na cha katikati ni cha bure. "Filimbi inapulizwa." "Mtawa anaimba." "Mapazia yanageuka nguo." "Simu ya mtu inaita." "Mtu ukumbini anafuta machozi." "Watawa wanaharibu gari." Ukikamilisha visanduku vitano katika mstari mmoja, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unapiga kelele. Nilihesabu njia zote za kushinda nikapata 12, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nikabaini pia kwamba fomu ile haikuwa na nakala, wala mhuri, wala mahali pa kutia sahihi.

Ajabu ya mchezo huu ni kwamba unakunyang'anya kile ulichokifuata. Mimi nimekulia katika taarabu, ambako mtu husikiliza akiwa ametulia, na ubeti ukimgusa, au ukimchoma jirani yake aliyemkusudia, huinuka kwa madaha na kwenda kumtunza mwimbaji noti ya shilingi elfu mbili, akasindikizwa kwa macho na ukumbi mzima, akarudi kukaa ameridhika. Hakuna anayemwandikisha. Lakini pale Shangani yule msichana alikuwa juu ya mlima anaimba kwa moyo wake wote, na mimi nilichokuwa nikijiuliza ni kama mlima una kisanduku. Watoto saba wanajipanga mbele ya baba yao, nami ninawahakiki kama mzigo unaoingia ghalani. Nyuma yangu bwana mmoja alimpigia simu mkewe aliyeketi naye bega kwa bega, ili tu kile kisanduku cha simu kijae. Nilikagua kanuni zilizochapishwa mgongoni mwa karatasi, sikuona pa kumkatia rufaa.

Kulikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Jirani anaimba nje ya sauti." Ulipofika ule wimbo wa kujifunza majina ya noti, nikasema potelea mbali, nimelipa, nitaimba. Maneno yalipita chini ya picha mbio kama bajaji isiyo na abiria, kwa hiyo niliyakamata yale ya mwishomwisho na kuyakokota hadi mstari uliofuata. Nilipovuta pumzi nikasikia ukumbi umenyamaza, kisha vidole vyote, kuanzia safu yetu hadi kule mlangoni, vikateremka kwenye karatasi kwa pamoja. Hata mke wangu alijaza.

Sasa nifike kwenye korosho, maana ndiko nilikoangamia. Mpwa wangu alikuwa amesimulia kwamba huko Marekani mchezo huu uliwahi kuitwa beano kwa sababu watu walifunika namba kwa punje za maharage, na kwamba mwaka 1929 mfanyabiashara aitwaye Edwin Lowe aliuona katika maonyesho ya Georgia akaupeleka New York. Kisha akasema kwa majivuno kuwa Mtwara hatuwezi kufunika kwa maharage, akagawa bilauri za korosho, kila mtu punje 24. Zilikuwa zimekaangwa siku ileile, zina chumvi kidogo, bado zina uvuguvugu. Mtu anayemtaka mwenyeji wa Mtwara akae gizani karibu saa tatu akiwa na korosho za moto mbele yake, na azipange badala ya kuzila, mtu huyo kasoma lakini hajaelimika.

Hata hivyo nilijizuia hadi umeme ulipokatika. Gesi ya kuzalishia umeme huchimbwa papa hapa Msimbati, ikasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, nasi tulikaa gizani tukimsubiri kijana wa jenereta atafute mafuta. Katika giza lile mkono wangu ulifanya kazi yake wenyewe. Sikuutuma, na kama ningeulizwa mbele ya hakimu ningesema hivyohivyo.

Jenereta lilipowaka, filamu ilikuwa inaelekea ukingoni. Familia inawatoroka Wanazi, watu wa Hitler waliotwaa Austria, na wale watawa wanakiri mbele ya mkuu wao kuwa wametenda dhambi, huku wakimwonyesha vipuri walivyovichomoa katika magari ya Wanazi hao. Kisanduku cha tano! Nilisimama nikapiga kelele "Bingo!" kwa sauti ambayo safari hii haikutoka nje hata kidogo. Mpwa wangu akaja na tochi, akamulika. Katika mstari wangu wa mshazari palikuwa na punje moja na nusu. Penginepo palikuwa na alama za mafuta tu, za mviringo, nzuri kabisa, nami nikajenga hoja kwamba hiyo ni stakabadhi tosha: mzigo uliingia, mzigo ukatoka, ushahidi umebaki. Akainamisha kichwa akasema, "Mjomba, nisamehe, kanuni ni kanuni."

Aliyeshinda ni mke wangu, ambaye hakuwa amekula hata punje. Zawadi ilikuwa kilo moja ya korosho. Kumpa mtu wa nyumba ya karani wa korosho zawadi ya korosho ni sawa na kumpelekea mvuvi wa Mikindani ndoo ya maji ya bahari, lakini alishangiliwa, akapigwa picha, na katika picha ile mimi ninaonekana pembeni nikijipangusa mdomo.

Ningekuwa nimekwisha kusahau, kama si kile kisanduku cha mapazia. Mke wangu ana cherehani, na alipoona yule msichana amewashonea watoto saba nguo za kuchezea kwa mapazia ya zamani, alinifinya paja. Nilidhani ni mapenzi. Jumapili asubuhi niliamka nikakuta sebule inawaka jua, na wajukuu watatu wamepita uani wamevaa maua makubwa ya kahawia niliyoyatazama ukutani kwa miaka kumi na mmoja.

Dirisha letu liko njiani, tena usawa wa mkeka tunaolia chakula. Mtu akikuona unakula huna budi kumwambia karibu, naye akiwa na adabu hushukuru akaenda zake, hivyo sasa siwezi kumaliza tonge bila kuwakaribisha watu wanne. Juzi tulikuwa na pweza wa nazi. Nikamwambia karibu dereva mmoja wa bodaboda, na sikuwa nimemaliza kulitamka, tayari alikuwa ananawa mikono.