Sapkowski na Mchezo Alioudharau: Nani Kampunja Nani?

Zloti 35,000. Kwa mujibu wa taarifa zilizotoka wakati wa mgogoro, hicho ndicho kiasi cha fedha ya Poland alicholipwa mwandishi wa Kipoland Andrzej Sapkowski kwa kuiruhusu kampuni ya huko ya CD Projekt kutengeneza michezo ya kompyuta, The Witcher, kutokana na hadithi zake za Geralt wa Rivia, mwuaji wa mazimwi wa kukodiwa. Oktoba 2018 mawakili wake waliiandikia kampuni hiyo kudai nyongeza isiyopungua zloti milioni 60, yaani zaidi ya mara 1,700 ya alichokwisha kupokea. Kampuni ikaibandika barua hiyo kwenye tovuti yake watu wote waisome, na kujibu kwamba madai hayana msingi, si kwa hoja wala kwa kiasi. Wapenzi wa michezo wakamshukia mzee: tamaa, husuda, kakataa mwenyewe na sasa anarudi na bakuli mkononi.

Hukumu hiyo ilikuwa ya pupa. Lakini hata wanaomtetea kwa kumchora kama mnyonge aliyeibiwa wanaruka jambo ambalo Sapkowski mwenyewe alikwisha kulikiri katika mahojiano: aliwekewa mezani asilimia ya faida, akaikataa. Alitaka fedha zake zote papo hapo kwa kuwa hakuamini kwamba mchezo ule ungeuzika.

Ajabu ni kwamba huyu si mshairi asiyejua hesabu. Alizaliwa Łódź mwaka 1948, akasomea uchumi katika chuo kikuu cha mji huo, akafanya kazi miaka mingi katika biashara ya nje. Uandishi ulianza pembeni, kwa kutafsiri hadithi za kisayansi kutoka Kiingereza. Jarida la Fantastyka lilipotangaza shindano la hadithi zisizozidi kurasa 30, alipeleka yake, ikashika nafasi ya tatu na kuchapishwa Desemba 1986. Jina lake ni "Wiedźmin".

Ukiisoma hadithi hiyo leo unaona kila kitu kimo tayari. Mfalme Foltest ana binti aliyegeuka zimwi, na usiku hutoka jenezani kula watu. Dau ni oreni 3,000, sarafu ya ulimwengu wa hadithi, kwa atakayemwondolea laana. Geralt hafiki na sala wala ukoo wa kishujaa. Anafika kama fundi. Anauliza maswali, anapima jengo, anakunywa dawa zake kabla ya kazi, anatumia mnyororo wa fedha. Kisha badala ya kuua, analala yeye ndani ya jeneza la zimwi na kujifungia humo, kwa sababu laana hutoka iwapo kiumbe kitazuiwa kurudi kitandani mwake hadi jogoo wa tatu awike. Kiini ni ngano ya Kipoland, lakini kilichoongezwa ni cha Sapkowski: kuua mazimwi ni ajira, ina bei, ina zana, na mteja ni mtu wa kuchunguzwa kuliko hata zimwi.

Neno lenyewe, wiedźmin, alilibuni. Kwa Kipoland wiedźma ni mwanamke mchawi. Yeye akalitolea umbo la kiume, na kazi isiyokuwa na jina ikapata jina. Kwa Kiswahili mzaha huu unakufa, maana "mchawi" wetu hana jinsia, na ukisema "mganga" utapotosha kabisa, kwani Geralt haagui mtu. Nalitaja hili kwa sababu linagusa kesi. Neno la Kipoland ni mali ya mwandishi bila ubishi, lakini jina la Kiingereza ambalo dunia imelizoea, Witcher, lilikuzwa na watu wa michezo. Filamu ya Kipoland ya 2001 ilipotafutiwa soko la nje ilipewa jina jingine, The Hexer, na haikufika mbali. Kwa hiyo ukimuuliza mnunuzi wa Chicago chapa hiyo ni ya nani, jibu lina pande mbili tangu kwenye jina.

Sasa sheria. Barua ya mawakili iliegemea kifungu cha 44 cha sheria ya hakimiliki ya Poland ya 1994. Kwa maneno yake ya wakati ule kifungu hicho kilikuwa kifupi: pakiwa na tofauti kubwa mno kati ya ujira wa mwandishi na manufaa ya aliyenunua au kukodi haki zake, mwandishi anaweza kuiomba mahakama impandishie ujira ipasavyo. Hapa ndipo mabishano mengi yalipopotea njia. Watu walibishana kama alidanganywa. Kifungu hakiulizi hilo. Hakihitaji ulaghai, wala hakijali kama mtu alitia saini kwa hiari huku akicheka. Kinaangalia pengo tu, na pengo lilikuwepo: mchezo wa tatu, uliotoka Mei 2015, ulikwisha kuuzwa kwa mamilioni, na mwaka ule ule wa barua kampuni iliingia katika kundi la makampuni makubwa 20 ya soko la hisa la Warsaw.

Wala si kituko cha Wapoland. Ujerumani ina kifungu cha namna hiyo tangu 2002, na miezi michache baada ya barua ya Sapkowski, Aprili 2019, Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linalozitaka nchi wanachama zote ziwe na utaratibu wa kurekebisha mikataba ya waandishi iliyogeuka kuwa duni. Mantiki yake ni kwamba kitabu hakina bei sokoni kabla ya kujulikana kitauzikaje. Mwandishi huuza gizani, na mara nyingi ndiye mwenye njaa kati ya wawili hao.

Hoja ya pili ya barua ilikuwa kali zaidi, ingawa watu waliipita. Mawakili walidai kwamba haki zilinunuliwa kihalali kwa ajili ya mchezo wa kwanza tu, ule wa 2007, na si kwa ule wa 2011 wala wa 2015. Kampuni ilisisitiza kwamba ilipata kila kitu kihalali. Mkataba wa awali haujawekwa hadharani, kwa hiyo wa nje hawezi kuamua. Ila sheria ya Poland inaeleza kwa nini hoja ya namna hii si ya kupuuzwa: kifungu cha 41 kinasema mkataba unahamisha tu zile nyanja za matumizi zilizotajwa waziwazi ndani yake, na nyanja zenyewe lazima ziwe zimeshajulikana siku ya kutia saini. Kifungu cha 45 kinaongeza kwamba kila nyanja ina ujira wake, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Anayeandika mstari mmoja tu, "haki zote za mchezo wa kompyuta", anaacha mlango wazi kwa pande zote mbili.

Upande wa kampuni una uzito ambao mashabiki wa vitabu hawapendi kuukiri. CD Projekt ilianzishwa 1994 kama muuzaji wa diski za michezo ya watu wengine, na sifa yake ilikuwa kuitafsiri kwa Kipoland. Haikuwahi kutengeneza mchezo wake yenyewe. Studio nyingine ya Kipoland ilikuwa imeshachukua haki za Geralt miaka ya 1990 na mradi ukafia njiani, kwa hiyo wasiwasi wa Sapkowski ulikuwa na ushahidi. Mchezo wa kwanza ulichukua kama miaka mitano, kwa injini (programu ya msingi ya mchezo) ya kukodi kutoka kampuni ya BioWare ya Kanada, na uligharimu takriban zloti milioni 20. Mwaka 2009 jaribio la kuuhamishia kwenye mashine za sebuleni kupitia studio ya Ufaransa lilivunjika, na kampuni ikayumba vibaya. Katika miaka yote hiyo mwandishi hakuhatarisha hata zloti moja. Fedha zake zilikuwa benki. Anayechukua mkupuo, yaani fedha zote mara moja, anauza hatari pamoja na haki, na mnunuzi wa hatari naye ana haki ya kuvuna.

Lakini mizani hiyo ina shimo. Mkupuo ni bei ya haki kama unafanana na hatari iliyouzwa. Zloti 35,000 dhidi ya bajeti ya milioni 20 ni chini ya asilimia 0.2 ya gharama za mchezo mmoja. Katika sekta hii mwenye ulimwengu wa hadithi kwa kawaida hupewa kianzio kinachokatwa baadaye kwenye mrabaha: anapokea kidogo mwanzoni, mauzo yakivuka kianzio anaanza kulipwa asilimia, na kila mchezo mpya unaanza hesabu upya. Mawakili walitaja asilimia 6 ya faida. Kiwe ni kiwango cha haki au la, neno la kuliangalia hapo ni "faida". Tuseme mchezo umeingiza milioni 100 na gharama zilizoandikwa ni milioni 90. Asilimia 6 ya faida ni laki 6. Asilimia 2 ya mapato ghafi ni milioni 2. Gharama za matangazo, mishahara na mchezo ulioshindwa mwaka uliotangulia vyote vinaweza kumezwa ndani ya safu ya gharama. Kwa hiyo hata ile asilimia ya faida aliyoikataa Sapkowski huenda isingekuwa shibe wanayoidhania waliomcheka. Ingetegemea vitabu vya hesabu ambavyo si yeye aliyevishika.

Kuna mchanganuo mwingine unaofanya kiasi cha milioni 60 kisielezeke kirahisi: ni sehemu gani ya mafanikio imetoka kwa nani? Michezo yote mitatu inasimulia mambo yanayotokea baada ya riwaya ya Pani Jeziora ya 1999, na visa vyake vimeandikwa na watu wa studio. Yule Baron wa Velen, mlevi aliyempiga mkewe, kisa kinachosifiwa kuliko vyote katika mchezo wa tatu, hayumo vitabuni. Ila Geralt, mpenzi wake Yennefer, Ciri binti anayemlea, mfalme Emhyr na ule Msafara wa Wawindaji, wapanda farasi wa kutisha, wenyewe ni wa Sapkowski, pamoja na sauti yao ya kejeli. Mfano mzuri kuliko yote ni gwint. Katika riwaya ya Chrzest ognia mbilikimo wanaucheza mchezo huo wa karata kwa makelele, na kanuni zake zinadokezwa tu. Studio ikauundia kanuni kamili, kadi na michoro, ikauingiza katika mchezo wa tatu, halafu ikauuza peke yake. Nani anamdai nani hapo? Jina na hamu ni vya mwandishi. Kila kadi ni ya studio.

Hili linatupeleka kwenye ubishi wa zamani zaidi, wa nani alimpa nani umaarufu. Sapkowski amekuwa akikasirika anapoambiwa vitabu vyake vinadaiwa na michezo, na kwa sehemu ana haki. Kabla ya 2007 Geralt alikwisha kusomwa kwa Kicheki, Kirusi, Kijerumani na Kihispania. Hispania ilimpa tuzo yake ya fantasia, Ignotus, mwaka 2003. Kwao Poland alikuwa ameshinda tuzo ya fantasia ya Zajdel mara tano, ya mwisho kwa Narrenturm, riwaya ya vita vya kidini vya Wahus isiyo na uhusiano wowote na Geralt. Alilalamika kwamba matoleo ya nje yaliyobandikwa picha za mchezo juu ya jalada yaliwafanya wasomaji wadhani ameandika vitabu kutokana na mchezo, na msomaji makini wa fantasia huviruka vitabu vya aina hiyo. Lalamiko hilo ni la kweli na hakuna fidia inayoliponya.

Kwa Kiingereza, hata hivyo, hesabu inageuka. Ostatnie życzenie, kitabu cha kwanza cha hadithi fupi za Geralt, ilitoka kwa lugha hiyo mwaka 2007, mwaka ule ule wa mchezo, na kitabu cha pili cha hadithi fupi, ambacho bila hicho humjui Ciri vizuri, kilicheleweshwa hadi 2015 ilhali riwaya zinazokifuata zilishatangulia dukani. Wachapishaji walitafsiri kwa mpangilio huo wa ovyo, na bado watu walinunua. Sidhani walinunua kwa kusikia sifa za tuzo ya Zajdel.

Kejeli iliyobaki ameiandika mwenyewe. Katika hadithi iitwayo "Kwestia ceny", yaani suala la bei, Geralt anaokoa maisha ya mtu karamuni na kuulizwa anataka nini. Hataki dhahabu. Anaomba kile ambacho mtu huyo tayari anacho ila bado hajakijua, na kisichojulikana kinageuka kuwa Ciri, jambo kubwa kuliko yote katika riwaya tano zinazofuata. Huo ndio mrabaha kwa umbo la ngano. Mtunzi wake, mchumi, akachukua dhahabu mezani.

Kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kudai na hakuwa na haki ya kiasi kile. Kifungu cha 44 kinasema "ipasavyo", na mwandishi ambaye hakubeba hatari wala kuandika visa vya michezo asingeweza kudai sawa na mshirika. Kampuni nayo iliposema madai hayana msingi ilisema zaidi ya iliyoamini, kwani haikwenda mahakamani kulithibitisha hilo. Tarehe 20 Desemba 2019, siku ile ile Netflix iliporusha msimu wa kwanza wa tamthilia ya Geralt, pande mbili zilitangaza mkataba mpya. Unaithibitishia kampuni umiliki wa chapa katika michezo ya kompyuta, vitabu vya katuni, michezo ya mezani na bidhaa, nyanja kwa nyanja, vile ambavyo ilipaswa kuandikwa tangu awali. Kiasi kimefichwa.

Tarehe 29 Novemba 2024 Sapkowski akatoa kitabu kipya cha Geralt kijana, Rozdroże kruków. Wiki mbili baadaye kampuni ikaonyesha video ya mchezo wa nne, na shujaa wake ni Ciri.