Ukipanga Essaouira, Anza na Upepo

Binamu yangu anaoa mwezi wa sita, na wiki mbili zilizopita alinitumia ratiba ya fungate ili niipitie. Siku moja Casablanca, nne Marrakech, na katikati yake safari ya kwenda na kurudi Essaouira, mji wa bandari wa Moroko, kwa siku hiyohiyo, pamoja na chakula cha mchana. Mwezi, Julai. Pembeni ya jina la mji ule alikuwa ameandika neno moja tu: "ufukweni". Sikumjibu kwa ujumbe. Nilimpigia simu palepale.

Nilimpigia kwa sababu mara ya kwanza na mimi nilikwenda hivyohivyo. Ilikuwa Julai, Marrakech ikichoma kama tanuri, nami njia nzima nikiwaza kujitupa baharini. Tulishuka saa tano asubuhi. Mchanga ulikuwa ukiruka usawa wa magoti, wenyeji wamejifunga mitandio usoni, na maji yalikuwa baridi hata nikaingiza miguu na kuitoa. Saa tisa tukaitwa garini. Nikarudi na picha za mashua za buluu na uchungu wa pesa iliyopotea, na kwa miaka miwili nikawa nasema kwa watu kwamba Essaouira haina kitu. Halafu nikarudi mwezi wa Oktoba pamoja na mama, tukakaa siku sita, na nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimeyasema.

Sisi watu wa Tanga tumelelewa na kaskazi na kusi. Hakuna nahodha aliyetweka tanga bila kuuliza upepo uko wapi. Lakini tukishakata tiketi ya ndege elimu hiyo tunaiacha uwanjani, tunatazama bei ya hoteli tu. Kule Essaouira upepo ndio mwenye mji. Huvuma kutoka upande wa kaskazini, Wafaransa wameuita alizé, na nguvu yake kubwa ni takriban Aprili hadi Septemba, yaani miezi ileile ambayo vitabu vya watalii huita majira ya ufukweni. Huyasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana Marrakech inaweza kupita nyuzi 40 mchana wa Julai, na Essaouira, mwendo wa kilomita 180 hivi kuelekea magharibi, ikabaki nyuzi 22 au 23. Maji hayo ya kilindini hupanda na chakula cha samaki, na bandari ile inaishi kwa sardini.

Kwa hiyo swali la kwanza unapopanga si hoteli gani. Ni unataka nini kwa upepo. Mwenye kucheza na tiara juu ya maji aende kiangazi. Ghuba ya mji wenyewe na kijiji cha Sidi Kaouki, kusini kidogo, hujaa watu wa mchezo huo. Anayetaka kulala juani na kuogelea na watoto aende Agadir, kama kilomita 170 kusini, kwenye ghuba iliyojikinga zaidi. Agadir ni mji mpya, kwa kuwa tetemeko la ardhi la Februari 1960 liliubomoa wa zamani, na usiutafutie vichochoro vya kale. Lakini anayetaka kutembea, kula samaki, kukaa na watu na kusikiliza, basi Oktoba au Novemba, Essaouira, na asilale chini ya siku nne.

Siku nne nazisema kwa makusudi. Basi la watalii hufika mji ukiwa umejaa na huondoka kabla haujawa wenyewe. Saa kumi na moja jioni magari yale yakishaondoka, uwanja wa Moulay Hassan hubaki na wenyeji, shakwe hushuka, watoto huanza mpira, na jua huzama baharini, jambo ambalo kwetu sisi wa pwani ya mashariki ni geni kabisa. Mama kila jioni aliomba twende ukutani, kwenye ngome waiitayo Skala, penye safu ya mizinga ya kale inayotazama Atlantiki. Alikuwa na miaka sitini na nane na hakuwahi kuona jua likiingia katika bahari.

Mji wenyewe si wa kale sana. Sultani Sidi Mohammed ben Abdallah aliujenga katika miaka ya 1760, akamtumia mhandisi Mfaransa, Théodore Cornut, na ndiyo sababu njia zake kuu zimenyooka, tofauti na Fes au Marrakech. Kabla yake Wareno walikuwa na ngome hapo, waliyoianza 1506, mwaka mmoja tu baada ya wenzao kuichoma Mombasa na kuiteka Kilwa. Waliuita Mogador. Jina la Kiarabu, Essaouira, huandikwa kwa herufi ya swadi, na moja ya maelezo yake ni kwamba linatokana na neno lilelile lililotupa sisi "sura": mji uliochorwa. Wengine husema ni ukuta mdogo. Mimi nimechagua sura.

Maneno ya aina hiyo yalinifuata kila nilipokwenda. Ndani ya kuta za mji ipo nyumba iitwayo Bayt Dakira, nyumba ya kumbukumbu za Wayahudi wa huko, iliyofunguliwa 2020 ndani ya jengo lenye sinagogi la zamani. Humo utasoma habari za "tujjar as-sultan", wafanyabiashara wa Sultani, wengi wao Wayahudi, waliokopeshwa mtaji na ikulu ili waendeshe biashara na Ulaya. Tujjar ni wingi wa tajir. Kumbe kabla "tajiri" hajawa mwenye mali alikuwa mfanyabiashara, na ukisikia mzee wa Tanga akimwita mwajiri wake tajiri, ameibakiza maana ile ya kale.

Jambo lililonifanya niandike makala hii, hata hivyo, ni Wagnawa. Watalii huwaona barabarani na kofia zao za makombe, hupiga picha, hutoa sarafu na kupita. Mtu wa pwani yetu asipite. Misafara ya Sahara ilishuka hadi bandari hii ikileta dhahabu, pembe za ndovu, manyoya ya mbuni, na watu. Mogador ilikuwa kwa Timbuktu kile Bagamoyo ilichokuwa kwa Ujiji. Wagnawa ni kizazi cha waliotoka kusini ya jangwa wakiwa watumwa, na muziki wao ndio walichobaki nacho. Zawia yao, nyumba yao ya ibada, iko hapohapo mjini, imepewa jina la Sayyidna Bilal, mwadhini wa Mtume, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Mama alipolisikia jina hilo alisimama mlangoni akasoma Fatiha.

Kiongozi wao wa muziki huitwa maâlem. Ni mwalimu, neno lilelile. Hupiga guembri, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya ngamia, yenye sauti nzito inayoingia tumboni, na vijana humzunguka na matoazi ya chuma ya mikononi. Ibada yao ya usiku kucha huitwa lila, na ndani yake mna ubani, vitambaa vya rangi, kila rangi na pepo wake, na mgonjwa anayechezewa hadi atulie. Yeyote aliyekulia Tanga au Pemba anajua ninachokisema. Bibi yangu alichezewa ngoma ya pepo mwaka niliozaliwa, na katika familia yetu jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini. Niliposikiliza maâlem mmoja mzee katika chumba kidogo karibu na bandari nililia, na mama hakuniuliza kwa nini. UNESCO iliuorodhesha urithi huu 2019, nami nafurahi, ila kuorodheshwa hakutoshi kama sisi Waafrika wenyewe tunapita pale kwa saa nne tukitafuta ufukwe.

Kuna tamasha kubwa la Gnaoua, yaani la Wagnawa hao, kila mwaka, lililoanza 1998, kwa kawaida mwezi wa Juni, na majukwaa makubwa huwa ya bure. Ukilitaka, tafuta chumba miezi kadhaa kabla, maana bei hupanda na mji hujaa. Ushauri wangu ni kwenda mara ya kwanza wakati mwingine, ulisikie guembri kwenye chumba kabla hujalisikia kwenye spika.

Sasa mambo ya safari. Kutoka kwetu wengi hupitia Doha, Dubai, Istanbul au Cairo na kushuka Casablanca. Suala la viza lishughulikie kwanza, kabla ya tiketi, kwa kuuliza ubalozi wao wenyewe. Treni haifiki Essaouira. Utapanda treni hadi Marrakech, halafu basi la CTM au Supratours, saa tatu hivi. Magari hayaingii ndani ya kuta, kwa hiyo langoni utawakuta wenye mikokoteni ya kubebea mizigo. Patana bei kwanza, lakini usimgombanie mzee anayesukuma masanduku yako mawili juu ya mawe. Dirham hutaipata nje ya Moroko, kwa hiyo beba dola au euro ubadilishe ukifika. Na saa: wako nyuma yetu kwa saa mbili, isipokuwa Ramadhani, wanaporudisha saa nyuma na tofauti ikawa tatu.

Sokoni Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani. Wanazungumza Kiarabu chao, Darija, pamoja na Tashelhit na Kifaransa. Lakini sema ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, na muuzaji atakuelewa mara moja. Uwe mwangalifu na jambo moja: wazee wengine bado huhesabu kwa riyali, na riyali ishirini ndiyo dirham moja. Ukisikia mia, uliza mia ya nini kabla hujashtuka. Mama, walio wa rika lake walimwita "hajja", naye kila mara akajibu kwa Kiswahili kwamba bado hajahiji, wamwombee. Msikitini alirudi akishangaa wengi wakisali mikono imeshuka ubavuni. Nikamweleza kwamba wao ni Maliki, sisi ni Shafii. Akasema Mungu ni mmoja, tukaenda kula.

Kula, basi. Karibu na bandari kuna vibanda vya samaki wa kuchoma: unachagua, wanapima kwa kilo, unapatana, ndipo wanaweka motoni. Ni wazuri. Lakini bora zaidi ni soko la samaki ndani ya medina, yaani mji wa kale wa ndani ya kuta, ambako unanunua sardini zako mwenyewe, na hatua chache pembeni kuna mtu wa jiko la mkaa anayekuchomea kwa malipo madogo na kukupa mkate na saladi ya nyanya. Asubuhi tulikula msemen, ambayo mama aliiita chapati ya pembe nne, tukaichovya katika amlou, lozi zilizosagwa na mafuta ya mti wa argan na asali. Mafuta hayo nunua kwenye ushirika wa wanawake wanaoyasaga. Chupa ya bei ya kutupa barabarani huenda imechanganywa.

Njiani kutoka Marrakech dereva atapunguza mwendo ili uone mbuzi waliopanda juu ya mti wa argan. Mbuzi wa huko hupanda kweli wakifuata matunda. Lakini wale wa kandokando ya barabara kuu, wamesimama matawini kama waliopangwa, mara nyingi wamepandishwa na watu na kuachwa juani ili wageni walipie picha. Msilipe. Mnyama anachoka na mti unaumia.

Vivyo hivyo na hadithi ya Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani. Wataonyesha magofu karibu na kijiji cha Diabat na kukuambia ndiyo yaliyomtungisha wimbo wake mmoja. Alifika kweli, 1969. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshatoka 1967. Mji huu hauhitaji uongo huo.

Kuhusu malazi, chagua riad, nyumba ya kale yenye uwazi katikati, ndani ya kuta. Uliza swali moja ambalo wengi hawaulizi: chumba kina hita? Hata Oktoba usiku nguo hazikauki, na unyevu wa bahari hukaa katika mashuka. Nyumba ya kwanza tuliyofikia ile Oktoba haikuwa na hita wala blanketi la pili, mama akaanza kukohoa usiku wa pili, tukahama asubuhi na kupoteza malipo ya siku mbili. Sitausahau ule usiku, nikiwa nimemfunika kwa koti langu na kanga zake tatu, upepo ukipiga mlio kwenye dirisha la mbao.

Yote haya nilimweleza binamu yangu kwa simu, saa nzima na zaidi, hadi mchumba wake akaichukua simu na kuanza kuandika. Jana wamenitumia ratiba mpya. Wameihamishia Oktoba, siku mbili Marrakech na tano Essaouira, na neno "ufukweni" limefutwa. Shemeji ameuliza kama kweli abebe koti kwenda baharini. Nimemwambia abebe, na kanga.