Laptopu ikikataa flashi, usikimbilie Legacy

Kuna tabia moja ya mafundi wetu wa kompyuta ambayo ningependa iishe. Mteja kaleta laptopu apigiwe Windows. Fundi anachomeka flashi, anawasha, na mashine inapitiliza hadi kwenye Windows ya zamani, au inaandika kwenye skrini nyeusi kwamba haioni kifaa cha kuwakia. Hapo hapo anaingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayosimamia kuwaka kwa mashine, anazima Secure Boot, kinga inayozuia programu isiyotambulika kuwaka, anageuza UEFI, njia mpya ya kuwasha, kuwa Legacy, njia ya zamani, anahifadhi. Ikikubali, anashukuru Mungu. Ikigoma, mteja anaambiwa bodi imekufa.

Bodi haijafa. Bodi iliyokufa haikufikishi kwenye menyu ya BIOS ukabadilisha mipangilio. Mara nyingi tatizo liko mkononi mwa fundi mwenyewe, kwenye flashi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine nzima, uifungue. Ukikuta faili moja kubwa tu linaloishia na .iso, basi flashi hiyo haiwezi kuwasha chochote. Faili lilinakiliwa kama wimbo unavyonakiliwa, halikuandikwa kwa programu ya kuandalia flashi kama Rufus. Flashi iliyoandaliwa vizuri kwa mashine za UEFI ina folda iitwayo efi, ndani yake folda ya boot, na ndani ya hiyo faili liitwalo bootx64.efi. Hilo ndilo laptopu inalolitafuta. Lisipokuwepo, mashine inaipita flashi kama vile hakuna kilichochomekwa.

Jambo la pili ni fomati, yaani namna flashi inavyopanga mafaili, kama FAT32 au NTFS. UEFI inatakiwa kusoma FAT32, na si kila laptopu inasoma NTFS kwa kuwasha. Shida ni kwamba FAT32 haibebi faili la kufika GB 4, na faili la install.wim, lililobeba Windows yenyewe, kwenye Windows za karibuni linavuka hapo. Ndiyo maana anayekokota mafaili kwa mkono hadi kwenye flashi hukwama katikati. Rufus ina njia yake ya kulimaliza hilo, na programu ya Microsoft yenyewe ya kutengenezea flashi hulibana faili hilo hadi likaenea. Ila kwenye Rufus angalia sehemu ya kuchagua GPT au MBR, yaani mpangilio mpya au wa zamani wa kugawa diski. Kwa laptopu za miaka ya karibuni chagua GPT na UEFI. Na flashi feki zimejaa sokoni: zinajitangaza GB 256 huku ndani nafasi ni ndogo mno, mafaili yanaandikwa na kupotea. Programu ya H2testw inaziumbua.

Flashi ikiwa nzima, hakikisha laptopu imezimwa kweli. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup, ambacho ukibonyeza kuzima, huacha sehemu ya mfumo imelala tu. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha kwenye skrini ya bluu chagua Use a device. Ama bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9, Asus ni Esc. Acer nyingi hutumia F12, lakini kitufe hicho mara nyingi huja kimezimwa, mpaka ukakiwashe BIOS.

Sasa hiyo Legacy. Windows iliyopigwa kwa UEFI kwenye diski ya GPT haiwaki ukigeuza Legacy. Mteja alikuja na laptopu inayowaka, anaondoka na isiyowaka. Na hata flashi ikisoma, ukifika pa kuchagua diski Windows inakataa kwa sababu diski ni GPT, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anapofuta diski nzima. Picha za harusi, tasnifu ya chuo, hesabu za duka, vyote vinakwenda. Halafu Windows 11 yenyewe inataka UEFI. Tangu msaada wa Windows 10 ulipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanataka kuhamia 11, na fundi anawarudisha Legacy!

Linaloniumiza zaidi ni BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji zenyewe pale mwenye nayo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hajui. Ukigusa Secure Boot, mashine inaweza kuamka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti yake ya Microsoft, lakini mama aliyefunguliwa akaunti na mtoto wa jirani ataupata wapi? Kabla ya kugusa chochote, muulize mteja, ingia naye kwenye akaunti, muuandike ufunguo kwenye karatasi. Ni kazi ya dakika chache, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya ufundi.

Sisemi Secure Boot isizimwe kabisa. Baadhi ya matoleo ya Linux, mfumo mbadala wa Windows, kama Arch, flashi yake haiwaki mpaka uizime. Lakini Ubuntu, Fedora na Linux Mint zinawaka nayo ikiwa imewashwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuizima kwa mazoea. Na ukiizima kwa haja, iwashe ukimaliza.

Ipo hali moja ambayo flashi haina kosa wala fundi hana kosa. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo zilikuwa za maofisi ya nje, na baadhi zinakuja na BIOS iliyofungwa kwa nenosiri na kuwasha kwa USB kumezuiwa. Kwenye nyingi ya hizo, kutoa ile betri ndogo ya bodi hakusaidii, kwa kuwa nenosiri limehifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Kwa hiyo unapokwenda kununua, nenda na flashi yako uliyokwisha kuijaribu. Ingia BIOS, uone kama inadai nenosiri, kisha washa kwa flashi hapo hapo kaunta kabla hujatoa hela. Muuzaji akikuzuia, nenda duka la jirani.